Goma: Nunua parseli mahali mji umeshafika, si mahali mji unaahidiwa kufika

GOMA – Jumapili, kisha misa na ibada, watu wanaonekana kwenye njia ya Kanyaruchinya na ile ya Mugunga wakitembea nyuma ya komisionere. Mume na mke wamevaa vizuri, mtoto yuko mgongoni. Komisionere anaonyesha kwa kidole: hapa itakuwa salo, pale jikoni, barabara itapita huku, umeme uko njiani. Chini ya miguu yao ni mawe meusi ya volkeno. Watu hawa wamechoka kulipa nyumba ya wengine. Wanatafuta parseli ya kwanza ya maisha yao.

Swali ni lile lile katika familia nyingi: tununue kidogo katikati ya mji, ao kikubwa pembeni? Kwa pesa inayotoa chumba na kiwanja chembamba huko Mabanga ao Katoyi, komisionere anaahidi parseli nzima huko pembeni, na sehemu ya kupanda mboga juu yake. Ukisikiliza bei peke yake, pembeni inashinda kila mara.

Lakini bei ya parseli ni pesa unayotoa siku moja. Bei ya kuishi kwenye parseli unaitoa kila siku. Familia nyingi zinahesabu ile ya kwanza na kusahau ya pili.

Chukua mfano wa mama anayeuza sambaza kwenye soko la Virunga. Akihamia mbali, lazima apande moto asubuhi na jioni. Tuseme motari anaomba franka 2.000 kwenda na franka 2.000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni franka 104.000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni franka 1.248.000. Ongeza maji. Nyumba ya watu 7 inaweza kutumia bidoni 6 za lita 20 kwa siku. Bidoni ikifika kwa franka 200 kila moja, hiyo ni franka 36.000 tena kwa mwezi. Kila mtu aweke bei za kwake, za njia yake na za bomba lake. Atakachoona ni kwamba ile pesa ya mwenye nyumba aliyofikiri ameikimbia inamfuata kwa jina lingine. Na kama mama hana pesa ya moto, atatembea kwa miguu, atafika soko wakati wanunuzi wa asubuhi wameshaondoka.

Kuna pia gharama ambayo wageni wa Goma hawaijui mpaka wanaanza kujenga. Udongo wa hapa si udongo wa Masisi. Kuchimba choo katika mawe ya volkeno ni kazi ya siku nyingi, ya mitalimbo na nyundo, na mchimbaji analipwa kwa jasho hilo. Familia zinazokosa pesa zinaishia kwenye shimo fupi ambalo mvua inalijaza. Mahali choo ni kifupi na maji ya ziwa yanatumiwa bila dawa, kipindupindu hakiko mbali. Watu wa Goma wanakijua vizuri.

Upande wa magharibi kuna jambo lingine. Kuanzia Bulengo na Lac Vert kuelekea Sake, kuna mabonde madogo yenye mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kulala mahali pa chini, zaidi alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi. Mbuzi anaingia, anaanguka. Mtoto anayemfuata anaanguka pia. Wazee wa pale wanajua kila shimo. Komisionere anayetoka mjini hajui, na kama anajua, hawezi kusema. Ndiyo maana parseli ya bei ndogo sana lazima iulizwe: kwa nini wenyeji hawajajenga hapa?

Wengine wanasema afazali pembeni juu katikati ya mji kuna hatari ya Nyiragongo. Historia haikubali hesabu hiyo. Mwezi wa Januari 2002, moto wa volkeno ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka upande wa Buhene, katika teritware ya Nyiragongo, ukateketeza nyumba za watu ambao wengi wao walikwenda huko kutafuta parseli za bei nafuu. Mlima hauchagui kati ya mji na pembeni. Mtu anachoweza kuchagua ni kujua njia ambazo moto umeshapita, na kutoweka mali yake yote katika ukuta ambao hawezi kuuhamisha. Nyumba ya mbao, ambayo watu wanaicheka, mwenyewe anaweza kuivunja na kuijenga tena mahali pengine kwa mbao zile zile na manjanja yale yale.

Pamoja na hayo yote, jambo linalovunja familia nyingi kuliko choo na moto ni karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayothibitisha haki hiyo kabisa ni sertifika ya usajili. Barua ya mauzo iliyowekwa saini mbele ya shefu wa avenyu ni mwanzo tu. Fishi ya parseli ni hatua. Kontra ya serikali ni hatua nyingine. Lakini wengi wanasimama kwenye barua ya kwanza, wanaipiga plastiki, wanaificha chini ya godoro, na wanasema: tumemaliza.

Katikati ya mji, parseli nyingi zimeshapita mikononi mwa watu na majirani wanajua nani ni nani. Kuna udanganyifu huko pia: mjomba anauza nyumba ya yatima, ndugu mmoja anauza bila wenzake. Lakini angalau kuna watu wa kuuliza. Pembeni, mipaka kati ya mji wa Goma na teritware ya Nyiragongo imekuwa na ubishi kwa miaka. Mtu mmoja anakuja na karatasi ya upande wa mji, mwingine na karatasi ya upande wa usheferi, na wote wawili wanaonyesha jiwe lile lile. Mbele zaidi kuna ardhi ya Hifadhi ya Virunga, ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kuiuza, hata akiwa na mihuri kumi.

Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, swali limekuwa zito zaidi. Benki zilifunga milango, watu wakashika pesa mkononi, na mwenye pesa mkononi anataka kuigeuza haraka kuwa kitu kisichoibiwa usiku. Parseli inaonekana ni dawa. Lakini anayenunua wakati wa vita lazima ajiulize kama karatasi anayopewa leo itakubaliwa pia na atakayekuwa ofisini kesho. Na ajiulize kama muuzaji anauza kilicho chake, ao anauza cha jirani aliyekimbia.

Hapo ndipo neno linawafikia wakimbizi wa ndani. Mwezi wa Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma ziliondolewa. Familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na wengine walikuta nyumba ni majivu. Wengine walibaki mjini kwa ndugu, watu kumi katika chumba kimoja. Kwa hawa, wazo linakuja kwa urahisi: tuuze shamba la nyumbani, tununue kiparseli pembeni ya Goma, watoto wasome, tusikimbie tena.

Hakuna mtu mwenye haki ya kumcheka baba anayefikiri hivyo. Amekimbia mara tatu, mara nne. Lakini aangalie anachobadilisha. Shamba linalouzwa wakati bunduki zinalia linauzwa kwa bei ya woga. Pesa hiyo ikifika Goma inakutana na bei ya mji. Shamba lililolisha watu wanane linakuwa mita chache za mawe, mbali na soko, mbali na maji, na karatasi moja ambayo hajui ina nguvu gani. Kama vita inaisha, hana pa kurudi. Kama haiishi, hana pa kulima. Kuliko kuuza shamba, ni vizuri kulipa nyumba ndogo mjini hata kwa shida, na kuacha shamba kwa jina la familia, hata kama nyasi zimelijaza.

Wanaotetea pembeni wana haki katika jambo moja. Mji wa Goma hauwezi kuweka kila mtu katikati. Ndosho na Mugunga zilikuwa pembeni pia, na leo kuna masoko, shule na vituo vya afya. Waliotangulia kununua huko hawakupoteza. Ni kweli. Lakini tukumbuke waliokuwa na subira: walikuwa na mshahara ao biashara palepale, walijenga kidogo kidogo. Hawakuweka pesa yao ya mwisho.

Basi ushauri unaofaa familia ya pesa kidogo si «mjini» wala si «pembeni». Ni huu: nenda mbali mpaka mahali bomba linatoa maji leo, gari linapita leo, shule ina watoto leo. Simama hapo. Usinunue ahadi ya barabara.

Na kabla ya kutoa dola hata moja, familia ifanye mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Ifike kwenye parseli saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, si Jumapili, itembee mpaka sokoni na kuhesabu muda na franka. Ifike tena siku ya mvua. Iulize majirani wanne, si mmoja, muuzaji ni nani na ndugu zake wako wapi. Iulize ofisi ya ardhi kama namba ya parseli iko na kwa jina la nani. Mke na mume wakubaliane, wote waweke saini, na jina la mke liandikwe, juu wakati wa kifo ama wa vita ni yeye anayebaki na watoto na bishano.

Komisionere atasema kuna mteja mwingine anayesubiri, amebeba pesa yote. Mwache huyo mteja anunue. Familia iliyolipa nyumba ya watu kwa miaka kumi inaweza kulipa miezi mitatu zaidi. Lakini iliyonunua mawe ya mtu mwingine haina tena pesa ya kununua mara ya pili.