Lubumbashi: Nyumba iliyoshuhudia mateso ya Lumumba

Alasiri ya Januari 17, 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa katika uwanja wa ndege wa Luano, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Walifungiwa katika nyumba ya mlowezi Mbelgiji, Brouwez, na kupigwa humo. Usiku huohuo waliuawa kwa risasi huko Shilatembo.

Shilatembo panaheshimiwa. Jino la Lumumba, lililorudishwa na Ubelgiji Juni 2022, lilifikishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Lakini nyumba ya Brouwez inaeleza jambo ambalo kaburi haliwezi: nani aliingia humo. Waliingia maafisa wa Kibelgiji, na waliingia pia mawaziri wa Moïse Tshombe.

Hapo ndipo penye ugumu. Tshombe ana sanamu katikati ya Lubumbashi, na Wakatanga wengi wanamwona shujaa aliyetetea mali ya jimbo lao. Kuifanya nyumba hiyo makumbusho ni kuwataka wenyeji wakubali pia upande wa giza wa utawala wake.

Amri kutoka Kinshasa pekee haitatosha. Huko, Novemba 2024, kaburi la kifahari la Lumumba lilivamiwa na kuharibiwa. Jengo lisilo na ulinzi, bajeti na watu wanaoliona ni lao halidumu. Jimbo la Haut-Katanga likitaka nyumba hii ibaki, lianze na walimu na wanafunzi wa Lubumbashi, huku wazee walioiona 1961 wakiwa bado hai.