Lushoto Si Picha ya Ukutani

Vijana wenzangu tunaoshika kalamu, hebu tuambizane ukweli. Hadithi zetu zinaanzia Ubungo na kuishia Manzese. Lushoto ikitajwa, basi ni ukungu, baridi, na wapenzi wawili wamesimama Irente wakitazama bonde. Ukurasa unaofuata wameshapanda basi kurudi Dar. Eti hiyo ndiyo Lushoto!

Mji ni mdogo, sikatai. Unapanda kona tupu kutoka Mombo, unapita Soni, umefika. Mjerumani aliuita Wilhelmstal, akaipenda hewa yake. Sisi nasi tunauandika kama yeye: hewa tunaiona, watu hatuwaoni. Na wilaya inayouzunguka mji ndiyo kabisa, haimo. Kumbe kabichi na karoti tunazonunua mjini zinalimwa kwenye miteremko ya Lukozi na Malindi. Mkulima anavunjika mgongo, mwenye lori anapanga bei. Hicho si kisa?

Mnasema shamba hakuna mambo? Mwaka 1946 Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, kisha wakaueneza Usambara. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwa amri, na mzigo mkubwa ukawaangukia akina mama. Washambaa wakakataa. Wakabishana na serikali na machifu wao wenyewe, mpaka mpango ukaachwa miaka hiyo ya 1950. Jamani, riwaya inataka nini zaidi?

Wa zamani hawakungoja. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili hiki hiki, akamleta Mbegha mwindaji na ukoo wake uliotawala kutoka Vuga. Mwaka 1974 Mmarekani Steven Feierman akatoa kitabu kizima juu ya ufalme huo. Mgeni kavuka bahari kuja kuuliza wazee. Sisi nauli ya Mombo inatushinda?

Najua jibu lenu: wachapishaji wanataka mambo ya mjini. Uongo huo! Kezilahabi alianzia Namagondo, kijiji cha Ukerewe, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, na mpaka leo inasomwa.

Basi ukungu tuwaachie watalii. Anayejiita mwandishi aingie sokoni Lushoto siku ya gulio, asikilize watu wanavyogombania bei, ndipo aandike. Akishindwa, asiseme milima haina hadithi. Aseme yeye ndiye hana masikio.