Tupunguze upotevu kabla ya kupunguza joto
Na Rashidi Makame

Kila ifikapo Novemba, kaya za Uingereza hupewa ushauri uleule kuhusu gesi: shusha joto la nyumba kwa nyuzi moja, vaa sweta, funga rejeta za vyumba visivyotumika. Ushauri huo una ukweli wake. Ubaya wake ni kwamba unaanza kwa kumwambia mtu avumilie baridi, na anayeambiwa hivyo mara nyingi ni yule ambaye tayari anaivumilia: mama mwenye mtoto mchanga katika nyumba ya kupanga, au mzee mwenye mita ya kulipia kabla, inayofanya kazi kama LUKU yetu, ambaye salio likiisha hukaa kimya chini ya blanketi hadi Ijumaa. Wasomaji wa safu hii wenye ndugu London, Leicester au Birmingham wanaijua habari hiyo, maana bili ya Januari ya huko hupunguza kinachotumwa nyumbani Februari. Ninachosema wiki hii ni kwamba katika nyumba nyingi za nchi ile kuna gesi inayoungua bila kumpasha mtu yeyote. Sehemu yake inaweza kuokolewa bila kutumia senti na bila kutetemeka, na kazi ya kuiokoa isiachiwe mpangaji peke yake.

Kinachofanya upotevu huo udumu ni kwamba gesi ya bomba haionekani. Dar es Salaam, anayepikia gesi anaubeba mtungi, anautikisa akiona moto umefifia, na anajua ulimfaa siku ngapi. Uingereza gesi inapita ukutani na bili huja mwisho wa mwezi, pengine ikiwa ya makadirio. Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la nishati la huko, ilikadiria mwaka 2023 kwamba kaya ya kawaida hutumia gesi ya uniti 11,500 kwa mwaka, yaani kilowati-saa 11,500. Mtungi wetu wa kilo 15 una nishati ya uniti 200 na kidogo. Kwa hiyo kaya moja ya kawaida ya Uingereza inachoma gesi ya mitungi zaidi ya 50 kwa mwaka, na kwa kuwa majira ya joto haichomi nyingi, katikati ya Januari inaweza kumaliza miwili kwa wiki. Jiko linachukua kiasi kidogo mno cha hiyo. Karibu yote inakwenda kwenye kupasha nyumba, kisha maji ya kuogea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma mita yenyewe, wala si bili. Andika namba asubuhi, andika tena asubuhi inayofuata, toa moja kwa nyingine. Kama mita inapima kwa mita za ujazo, zidisha jibu kwa 11 na utapata uniti kwa ukaribu wa kutosha. Mita za zamani hupima kwa futi za ujazo, na hapo wengi hupotea: namba moja kwenye mita hiyo ni sawa na mita za ujazo 2.83, basi anayesahau tofauti hiyo anajiona anatumia theluthi tu ya anachotumia kweli. Chukua pia wastani wa siku moja ya Julai, wakati rejeta zimezimwa. Hiyo ndiyo gesi ya kuoga na kupika. Ukiitoa kwenye siku ya Januari, kinachobaki ni gharama ya joto peke yake. Mwenye namba hiyo anaweza kubadilisha jambo moja, akasubiri siku chache zenye baridi inayofanana, akaona mwenyewe kama limefaa. Hatahitaji kumwamini mwandishi wa gazeti wala muuzaji wa vifaa.

Jambo la kujaribu kwanza liko kwenye boila, mashine inayochoma gesi na kupasha maji ya rejeta. Gesi ya bomba kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ikiungua huzaa maji. Kila mita moja ya ujazo inayoungua hutoa karibu lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke ndani ya moshi, na mvuke huo umebeba takriban sehemu moja ya kumi ya nishati uliyoilipia. Boila za zamani ziliutupa wote nje. Boila za sasa, ambazo England na Wales zilizifanya za lazima kuanzia Aprili 2005, zimeundwa kuunasa: maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta hupitishwa jirani na moshi, na yakiwa yamepoa vya kutosha, mvuke hurudi kuwa maji na kuacha joto lake humo. Sharti ni kwamba maji hayo yarudi chini ya nyuzijoto 55 hivi, na yakizidi kupoa faida inazidi. Sasa, boila nyingi zimeachwa zikitoa maji ya nyuzijoto 75 au 80. Yakizunguka nyumba nzima hurudi yakiwa na 60 au zaidi, na mvuke unaondoka na moshi kama zamani. Kaya imenunua mashine ya kunasa joto, kisha imewekewa kipimo kinachoizuia kulinasa. Fundi hakufanya hivyo kwa nia mbaya. Maji ya moto sana hupasha nyumba haraka, na nyumba ikipata joto haraka hakuna anayempigia fundi simu kulalamika.

Chini ya boila kuna mrija mwembamba wa plastiki unaokwenda kwenye bomba la maji machafu. Pale ambapo mwisho wake unaonekana, utazame wakati rejeta zimewaka muda mrefu siku ya baridi. Ukitoa maji mara kwa mara, mvuke unanaswa. Ukiwa mkavu, unalipia joto la barabarani. Kwenye uso wa boila mara nyingi kuna alama mbili, ya bomba la maji na ya rejeta, kila moja na kitufe chake. Cha rejeta ndicho cha kushusha hadi 60, na nyumba ikiendelea kupata joto, hadi 55. Hii si kazi ya kufungua boila, ambayo ni ya fundi aliyesajiliwa katika Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, pekee. Ni kugusa vitufe alivyowekewa mtumiaji. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa ushauri wa kushusha hadi 60 katika kampeni yake ya Desemba 2022, na wenye viwanda vya boila walikadiria kuwa kaya inaokoa asilimia 6 hadi 8 ya gesi yake. Kwa kaya ya uniti 11,500 hiyo ni mitungi minne ya kilo 15 hivi, au paundi kama 50 kwa bei za mwaka 2025, bila mtu kuongeza hata soksi.

Wapo watakaosema kwamba maji yakiwa na joto la chini boila itawaka muda mrefu zaidi, na kwa hiyo itakula gesi zaidi. Ni kweli kwamba itawaka muda mrefu zaidi. Lakini bili haihesabu saa, inahesabu mita za ujazo, na moto mdogo wa saa tatu unaweza kula kidogo kuliko moto mkubwa wa saa mbili. Isichukuliwe kutoka hapo kwamba ni nafuu kuacha joto usiku na mchana. Nyumba huvuja joto kadiri ndani inavyoizidi nje, na kila saa unayoipasha nyumba isiyo na mtu ni saa ya kulipia uvujaji huo. Washa mapema kidogo, zima mnapoondoka. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la nyumba zenye tangi la maji ya moto. Maji ya tangi yanatakiwa kuhifadhiwa kwa nyuzijoto 60 ili kuua bakteria wa legionela, na boila inayotoa maji ya 55 haiwezi kuyafikisha huko. Mwenye tangi asiguse kipimo hicho kabla ya kuzungumza na fundi. Ninayoyasema hapa yanahusu boila zisizo na tangi, zinazopasha maji papo hapo, na hizo ni nyingi mno.

Wengine watasema paundi 50 ni haba, na kwamba dawa hasa ni kuziba kuta na dari, au kuachana na gesi kabisa na kuweka pampu ya joto ya umeme. Nakubaliana nao kuhusu dawa. Nyumba za Uingereza ni za kale kuliko za nchi nyingi za Ulaya, nyingi zina kuta za matofali zisizo na uwazi wa kujazwa kizuia joto, na dari isiyofunikwa inaweza kupoteza robo ya joto la nyumba. Lakini mpangaji hana ruhusa ya kugusa ukuta, na mwenye nyumba asiyelipa bili hana haraka. Hadi wakubwa watakapoamua, mpangaji ataendelea kulipa. Tena hatua hizi mbili hazigombani: pampu ya joto hufanya kazi vizuri kwa maji ya joto la chini, na kaya iliyokwisha kujua kwamba rejeta zake zinatosha kwa 50 au 55 imeshajua nusu ya inachohitaji kujua kabla ya kuinunua.

Suala la baridi lisifanyiwe mzaha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba kusipungue nyuzijoto 18 wakati wa baridi, na kwa wazee, watoto na wagonjwa panaweza kuhitajika zaidi. Nyumba isiyopashwa hufanya unyevu, unyevu hufanya ukungu mweusi, na ukungu unaua. Desemba 2020 mtoto wa miaka 2 alifariki mjini Rochdale kutokana na ukungu wa nyumba ya kupanga, na sheria ya mwaka 2023 kuhusu nyumba za kijamii ina kifungu kinachojulikana kwa jina lake, Sheria ya Awaab. Ndiyo maana kampeni inayoanza kwa kumwambia maskini ashushe joto inanikera. Anza na joto linalotoka na moshi. Na mtu asiingize jiko la mkaa chumbani kwa kukwepa bili: hewa yake ya sumu haina harufu, na imeshaua wengi.

Lililobaki ni nani awajibike. Tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo mpya wa joto, au uliobadilishwa wote, uundwe kwa maji yasiyozidi nyuzijoto 55. Wataalamu, basi, hawabishani tena juu ya hili. Nyumba za zamani ndizo zilizoachwa, na Uingereza nzima kaya zaidi ya milioni 20 hupashwa kwa gesi. Sheria tayari inamtaka kila mwenye nyumba ya kupanga alete fundi aliyesajiliwa mara moja kwa mwaka kukagua vifaa vya gesi, na ampe mpangaji nakala ya cheti. Cheti hicho kiongezewe mstari mmoja: fundi alikuta maji ya rejeta kwenye nyuzijoto ngapi, ameyaacha kwenye ngapi, na kama kuna tangi. Amweleze mpangaji kwa lugha anayoielewa kitufe kipi ni kipi. Fundi yuko ndani ya nyumba tayari, amesimama mbele ya boila, na kubadilisha namba hiyo hakumchukui hata dakika tano.