Onyo la Kompyuta Halijaiona Mashine Yako

Juzi, kwenye duka moja la uchapaji mjini Bariadi, nilimsikia dizaina akimjibu kiongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aliyetoka Sola na bango ambalo anga lake la bluu lilikuwa limetoka zambarau: "Mzee, kompyuta haikutoa onyo. Rangi iko sawa, labda ni macho yako." Mzee alikunja bango lake akaondoka. Hasira ikabaki kwangu.

Imani hiyo imezagaa: Photoshop ikiifunika rangi kwa kijivu, rangi hiyo haichapiki; isipoifunika, iko salama. Ni uongo, na wanaoulipia ni wateja.

Onyo hilo halijaiona mashine yako. Linalinganisha rangi na profaili ya CMYK, yaani maelezo ya rangi zinazoweza kutolewa na wino, iliyochaguliwa kwenye programu, basi. Kwa mipangilio ya Marekani, profaili hiyo ni SWOP, ya majarida yanayochapwa kwa ofseti. Wewe unachapa kwenye fleksi, turubai la plastiki la mabango, tena kwa wino wa kujazia. Badilisha uweke FOGRA39 ya Ulaya: picha ni ileile, kijivu kimehama. Wino wako umebadilika? Haujabadilika hata tone.

Tena onyo linajua ndiyo na hapana tu. Rangi iliyozidi kiasi ambacho jicho halitambui, na iliyozidi mno, zote hupakwa kijivu kilekile. Dizaina anaogopa, anaififisha picha nzima, na pamba ya Maswa inatoka kama shamba lililopigwa na ukame. Ilhali zipo mashine zenye wino wa ziada wa chungwa na kijani ambazo huenda zingeitoa rangi hiyo.

Wanasema: "Programu imeundwa na wataalamu, wewe nani?" Hoja ya uvivu! Wataalamu haohao ndio waliokuwekea nafasi ya kuchagua profaili. Hujawahi hata kuifungua.

 Mkoa huu uliokaribisha maonyesho ya wakulima ya Nanenane kitaifa pale Nyakabindi mwaka 2018 haustahili kumuuzia mkulima bango ambalo hajaona hata kipande chake.

Chapa sampuli ndogo kwa fleksi ileile na wino uleule. Mpe mteja aitazame nje, juani, maana huko ndiko bango litakakotundikwa. Akiikataa, rekebisha. Ukichapa bila kumwonyesha na rangi ikaharibika, mrudishie fedha yake.