NYUMBA YA KUPANGISHA SI CHOKAA

Wanachama wenzetu,

Wako miongoni mwetu waliojiwekea akiba wakanunua nyumba kuukuu mjini Same ili wapangishe. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Tulaumucho ni desturi ya kupaka chokaa ukuta wa mbele, kupandisha kodi, na kudai ya mwaka mzima mbele, hali bati lavuja na choo chatitia.

Same iko tambarare, upande wa Milima ya Upare usiopata mvua nyingi. Basi atakaye kununua asitazame rangi kwanza, atazame maji. Mradi wa kuleta maji ya Nyumba ya Mungu ulizinduliwa mwaka 2025, lakini bomba la mtaani si bomba la uani. Kisha akague msingi, paa, na hati ya kiwanja. Rangi ni ya mwisho.

Wengine husema mpangaji ni mpita njia tu. Haya, tufanye hesabu. Chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi kikikaa kitupu miezi minne, chaleta 240,000 kwa mwaka. Cha 25,000 kisichohamwa chaleta 300,000. Tamaa imekula 60,000.

Tena sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kiasi cha kodi sasa ni mapatano. Na huyo anayepatana nasi ni mwalimu au karani aliyehamishwa, kama sisi. Wazee wa Upare walichimba ndiva kwa msaragambo, mashamba ya wengi yakapata maji. Sisi tutamnyimaje mwenzetu bati zima?

Tengenezeni kwanza, ndipo mdai kodi.