Sultani aliyeleta maji

Makamanda, nikisema Ufipa wengi wenu mnawaza ule mtaa wa Kinondoni. Leo naongelea Ufipa yenyewe, huku juu Sumbawanga. Kuna sentensi moja huku nimeichoka: "Mheshimiwa ametuletea maji." Kesho ni barabara, keshokutwa transfoma. Inatutoka hata sisi wapinzani, na makofi tunapiga.

Sasa niwape kisa cha mtawala aliyeleta maji kweli kweli.

Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki, kiti kikawa chake. Akavuta maji safi ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Akanunua meli za mvuke, akaleta mtambo wa kuchapa vitabu, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Juni 1873, Waingereza wakimtishia kwa manowari, alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa, ingawa utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja mpaka 1897.

Kwa zama zake huyo ni mwanamageuzi. Nampa haki yake.

Ila jiulize: mtu wa Ng'ambo akitaka kujua fedha za Sultani zinaendaje, angeuliza wapi? Hapakuwa na pa kuuliza. Maji yalikuwa hisani. Hisani unaishukuru, huidai wala huihoji.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakagawana bara. Sultani, aliyekuwa akidai mamlaka mpaka kwenye maziwa makuu, akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alikubali kwa shingo upande. Mwaka 1890, miaka 2 tu baada ya kifo chake, Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka huohuo mpaka wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukachorwa Ulaya, Ufipa ikaangukia kwa Wajerumani. Huku tulikuwa na falme zetu, Nkansi na Lyangalile, kila moja na Mwene wake. Nani aliwauliza?

Sisemi katiba ingezuia manowari. Ninachosema ni kwamba mageuzi yote ya Barghash yalikaa mkononi mwa mtu mmoja. Alipobanwa yeye, hakukuwa na bunge wala raia mwenye haki ya kusema hapana. Walichozoea watu ni kushukuru.

Mtaniambia: dada, yule alikuwa Sultani, sisi tunachagua. Sawa. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Tamu sana. Halafu funua Ibara ya 41(7): Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Julai 2020, Mahakama ya Afrika, iliyoko hapahapa Arusha, ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka haki. Mpaka leo kipo. Rasimu ya Jaji Warioba ilikatwakatwa ikazaa Katiba Inayopendekezwa ya 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa mpaka leo. Kwa hiyo tunaendelea kuomba tupate Rais mzuri, kama raia wa Unguja walivyoomba wapate Sultani mzuri.

Na hapa niseme na sisi wenyewe. Tukiingia madarakani na Katiba hii, mwenyekiti wetu naye atakuwa "ametuletea maji". Mimi sipiganii kubadilisha jina kwenye hiyo sentensi. Napigania sentensi yenyewe ife.

Tuanze na kidogo. Gunia la mahindi likitoka huku linakatwa ushuru wa mazao. Hayo maji tumeyalipia. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Nenda. Usiende na fulana tu, nenda na swali: mapato kiasi gani, matumizi kiasi gani, karatasi iko wapi? Wakikwambia mshukuru Mheshimiwa, waulize tena.

Katiba Mpya itadaiwa na watu waliokwisha kuzoea kudai.