Amebadilika, Msiseme "Ndivyo Alivyo" (Mama na Akili Yake, Sehemu ya 4)

  Akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu ya mke, leo nawahitaji kuliko siku zote.

Baada ya sehemu ya 3 wengi mliniandikia kuhusu lile jaribio linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, la kujua wewe ni mtu wa aina gani kati ya aina nne: sangwini, koleriki, melankoli au flegmatiki. Wengine mlinitumia na majibu yenu. "Nesi, mimi koleriki, ndiyo maana nafoka." Nikacheka. Hamna ubaya, mtu kutaka kujijua ni jambo jema.

Ila kuna meseji moja haikunichekesha. Dada mmoja aliniuliza hivi: wifi yake amejifungua miezi mitatu iliyopita, haongei, hali vizuri, mtoto akilia anamtazama tu, na usiku halali hata mtoto akilala. Familia imekaa ikaamua kwamba "ni melankoli huyo, ndivyo alivyo, mumzoee tu."

Hapo ndipo nataka tuongee leo. Msimamo wangu nausema mapema: tabia ya mtu haiwezi kuwa jibu la swali la kwa nini amebadilika. Mkitumia maneno ya tabia kufunika ugonjwa, mnamwacha mgonjwa nyumbani bila matibabu, na mtoto wake pamoja naye.

Tuanze na hizo aina nne. Ni za zamani sana. Waganga wa Ugiriki ya kale waliamini mwili una maji manne: damu, makohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Galen, aliyekuwa tabibu kule Roma zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alizifungamanisha na tabia za watu. Neno melankoli lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni nyongo nyeusi. Sasa niambieni, umewahi kwenda maabara wakakupima nyongo nyeusi? Kipimo hicho hakipo, kwa sababu nyongo hiyo haipo.

Wataalamu wa saikolojia wa leo hawagawi watu kwenye makundi hivyo. Wengi wanatazama mambo matano: mtu anapenda mambo mapya kiasi gani, ana utaratibu kiasi gani, ni mchangamfu kiasi gani, anaelewana na wenzake kiasi gani, na hofu au huzuni humwingia kwa wepesi gani. Kila mmoja wetu yupo mahali fulani kwenye kila jambo, kama ngazi: huyu juu, yule chini, wengi katikati. Hakuna anayekaa kwenye boksi moja.

Na hilo jambo la tano ni kweli lina uhusiano na maradhi. Mtu ambaye huzuni humwingia upesi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona kuliko mwenzake. Lakini uwezekano wa kuugua siyo kuugua. Mtoto wako ana pumu, amezoea kukohoa. Leo amepata nimonia, anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Utakaa useme "huyu ndivyo alivyo, hukohoa siku zote"? Utapanda bodaboda usiku huohuo mpaka Bunda mjini. Basi na mama aliyezoeleka kuwa mkimya anaweza kuugua sonona, na kwa sababu ni mkimya ndiyo maana mnachelewa kugundua.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza mnacho nyumbani. Msimlinganishe na mke wa jirani aliyejifungua juzi na leo yupo mwaloni anaanika dagaa. Mlinganishe na yeye mwenyewe, alivyokuwa kabla. Tabia ni kile ambacho amekuwa nacho miaka na miaka. Kitu kilichoanza baada ya kujifungua au wakati wa mimba, kikamtoa kwenye hali yake, hicho kiulizeni kama mnavyouliza homa: kimeanza lini?

Kipimo cha pili ni siku. Akina mama wengi hulialia siku chache baada ya kujifungua. Machozi yanakuja bila sababu, hasira za karibu, kisha ndani ya wiki mbili yanaisha yenyewe. Hiyo siyo sonona. Anahitaji uji, usingizi na mtu wa kumshikia mtoto. Lakini huzuni, au kutofurahia chochote, vikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili na kuzidi, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya kula, kuchoka kupita kiasi, kujiona hafai, au kufikiria bora afe, huo ni ugonjwa. Una jina na una matibabu.

Kipimo cha tatu ni cha dharura. Mzazi akianza kusikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, akasema mtoto siyo wake au mtoto ana shetani, akakesha siku mbili tatu bila kuchoka, anaongea visivyoeleweka, hicho ni kichaa cha uzazi. Hutokea kwa mama 1 au 2 hivi kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto. Msisubiri kikao cha ukoo. Na kuna sababu nyingine ya kukimbia: homa ya uzazi, kifafa cha mimba na malaria kali navyo huweza kumchanganya mzazi akili, na hivyo huua haraka. Hospitalini watampima presha, joto na damu kwanza. Nyumbani hakuna wa kupima.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo nalisikia sana, hata kwa watu waliosoma: "Sonona ni ugonjwa wa wazungu. Mwanamke wa Kiafrika analima, anachota maji, anabeba mtoto mgongoni, huo muda wa kusonona anautoa wapi?"

Mnajua nani alilisema hilo kabla yetu? Mzungu. Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, na kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata aliandika tena, kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Kenya, kwamba Mau Mau ni tatizo la akili ya Mkikuyu. Watu walikuwa wanadai ardhi yao, yeye akaiona tabia.

Kwa hiyo ukisema mwanamke wa Kiafrika hasononi, unaisambaza nadharia ya mkoloni ukidhani unamsifia mama yako.

Na ukweli ulijitokeza mapema tu. Margaret Field alikaa na wanawake vijijini Ghana, na kwenye kitabu chake cha 1960 akaonyesha sonona ilikuwa nyingi. Wagonjwa hawakwenda hospitali ya vichaa, walikwenda kwenye madhabahu za kienyeji wakisema wao ni wachawi, wao wabaya, hawafai. Kujilaumu bila kosa ni dalili ya sonona, lakini Carothers kwenye hospitali yake hakuwaona wagonjwa wa namna hiyo.

Sogeeni sasa hapa kwa majirani zetu, ng'ambo ya ziwa. Miaka ya 1970 daktari kijana wa Uingereza, John Cox, alifanya utafiti kwa wajawazito huko Kasangati, karibu na Kampala. Aliwakuta wenye sonona. Alikuta pia Waganda wana jina lao la zamani kwa ugonjwa wa akili wa mama aliyejifungua: amakiro. Jina lilikuwepo kabla ya daktari yeyote wa kizungu. Cox aliporudi kwao, yeye na wenzake walitengeneza dodoso la maswali 10 la kumtambua mama mwenye sonona, likachapishwa mwaka 1987 kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo linatumika nchi nyingi duniani. Njia ya kulifikia ilipita kwa wanawake wa ziwa hili hili letu.

Ila amakiro ilikuwa na ubaya mmoja, nanyi mtautambua. Iliaminika mama ameipata kwa sababu ya uasherati wakati wa mimba. Mgonjwa anageuka mshtakiwa. Sisi huku mtoto akidhoofu tunasema amebemendwa, wazazi wanaonekana wamekosa adabu ya kulea, na mama ndiye anayebeba maneno mengi zaidi. Lawama ikiingia nyumbani, mgonjwa anaficha dalili. Anakuja kliniki amejipaka mafuta, anatabasamu, mtoto anapimwa uzito, anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kuna na lawama ya kisomi. Mama amesoma mtandaoni kwamba utu wa mtoto hujengwa miaka ya mwanzo, kama alivyofundisha Sigmund Freud kule Vienna, sasa anasema "nimeshamharibu mwanangu." John Bowlby wa London, kwenye ripoti aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, alisema mtoto anahitaji uhusiano wa upendo usiokatika na mama yake. Watu wakaishika nusu ya sentensi. Bowlby aliongeza: au mtu wa kudumu anayeshika nafasi ya mama.

Aliyekwenda kutazama kwa macho ni mwenzake, Mary Ainsworth, na alikwenda Uganda. Mwaka 1954 alianza kutembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala. Kwa miezi kadhaa alikaa sebuleni na akina mama akitazama vichanga wanavyotambaa kwenda kuchezea kitu, wanageuka kumtafuta mama, wanarudi. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba watoto waliotulia ni wale ambao mama zao waliwafahamu na kuitikia vilio vyao. Akaona pia kwamba watoto wengi walikuwa na watu wengine waliowashikilia kwa mapenzi: baba, bibi, dada mkubwa.

Chukua mambo mawili hapo. Kwanza, sonona inamnyang'anya mama nguvu ya kuitikia. Anamtazama mtoto analia kwa sababu anaumwa, wala hana roho ngumu. Mtibuni mama, mtoto atanufaika. Pili, mama akiwa hajiwezi, mtoto anaweza kushikwa na mikono mingine ya upendo wakati mama anapona. Mikono hiyo tunayo kwenye kila mji hapa Guta.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, mnataka kila mtu awe mgonjwa. Shida zake ni maisha." Swali zuri. Ni kweli siyo kila huzuni ni ugonjwa, ndiyo maana nimetaja wiki mbili. Na ni kweli maisha yanachangia: kupigwa, kufiwa na mtoto, mume hatoi matumizi, kukosa wa kukusaidia. Dawa haizuii kipigo. Lakini maji machafu ndiyo yanaleta kipindupindu, na bado mgonjwa wa kipindupindu tunamtundikia dripu huku tunashughulikia kisima. Fanyeni yote mawili.

Na matibabu siyo lazima yawe ya mbali wala ya gharama. Huko vijijini Pakistan wahudumu wa afya wa jamii, siyo madaktari, walifundishwa kuwatembelea na kuongea kwa utaratibu maalumu na akina mama wenye sonona. Utafiti ulichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa kila 100. Kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo, walikuwa 53 kwa kila 100. Dawa nazo zipo, na baadhi zinatumika mama akiwa ananyonyesha. Usianze wala kuacha mwenyewe, mwulize daktari.

Sasa tufanye nini?

Baba mtoto: ukirudi ziwani asubuhi, kabla ya kuuliza mboga, muulize amelala saa ngapi. Mshike mtoto saa mbili alale. Ukimwona siyo yule unayemjua, mpeleke wewe, usimtume.

Mama mkwe, shikamoo mama: wewe umelea wengi, jicho lako ndilo la kwanza kuona. Badala ya kusema "sisi tulizaa kumi hatukulia", muulize "mwanangu, moyo wako ukoje?" Kisha nyamaza, msikilize.

Mama mwenyewe: mahudhurio ya siku ya 7, ya 28 na ya 42 ni yako pia, siyo ya mtoto tu. Mwambie nesi hivi: "Tangu nijifungue siyo mimi." Hayo maneno manne yanatosha kuanzia. Omba upimwe na damu, maana upungufu wa damu nao unachosha. Na kama unafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo, kabla jua halijazama. Kusema hakukufanyi mama mbaya.

Na wote: jaribio la aina nne endeleeni kucheza. Lakini mtu akibadilika, msimtafutie aina, mtafutieni usafiri wa kituo cha afya.

Yule dada aliyeniandikia nimemjibu. Nawe kama una wifi, binti au jirani wa namna hiyo, mtumie mumewe hii aisome.

Sehemu ya 5 tutaongelea usingizi wa mzazi na nani anapaswa kuamka usiku. Akina baba, msikimbie.